Sahani ya Baba Mkwe

Ukitaka kwenda kuona tembo, usimwulize aliyeandika kitabu. Niulize mimi Ikupa, niliyewapikia waliokwenda. Nenda kiangazi, kabla mvua haijaigeuza barabara ya Usangu kuwa uji. Usivae nguo nyeusi wala ya buluu, maana inzi wa ndorobo wanazipenda rangi hizo na watakuuma mpaka ulie. Maji chemsha, hata kama mwenyeji anayanywa mabichi mbele yako huku anakucheka. Ndizi mbivu usilale nazo hemani. Na kabla ya hayo yote, uliza vizuri unasafiri na nani. Mimi sikuuliza mapema, nikajikuta gari moja na baba mkwe wangu.

Wasio Wanyakyusa wakifika hapo hucheka. Husema, kwani baba mkwe ana nini? Nyamazeni niwaeleze. Kwetu mwanamke akishaolewa, baba wa mumewe hamwoni, na yeye haonwi naye. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani. Jina lake halitaji, chakula hampelekei kwa mkono wake, neno hasemi naye. Si chuki hiyo, ni heshima. Wachungaji wameikataza weee mpaka wakachoka. Mzee mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, jioni anasoma Biblia kwa sauti, na bado akisikia napita anageukia ukuta. Jina lake hata leo sitalitaja. Nitasema Mzee, inatosha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Nilikuwa na mume wangu Mika mwaka wa saba, bila mtoto. Mika alikuwa dereva, tulikaa Mbeya mjini, ukoo wake uko Rungwe, na huko Rungwe ndiko nilikochambuliwa kama maharage. Wifi yangu Atuganile, mwanamke asiyefunga mdomo hata akitafuna, alikuja siku moja na kikapu cha ndizi na habari zake.

"Wifi, mimi nakwambia kwa sababu nakupenda," akasema. Ukisikia hivyo jiandae. "Ukoo utakaa mavuno yakiisha. Wanataka Mika aoe, wewe urudi kwenu na ng'ombe warudi. Kilichobaki ni neno la Mzee tu. Na Mzee hajasema kitu."

"Kwa nini hajasema?"

"Nani anajua? Anakaa kimya. Unamjua Mzee."

Nimjue vipi? Sijawahi kuuona uso wake. Nilijua kikohozi chake, harufu ya tumbaku yake, na unyayo wake wa kushoto unaoangalia nje. Mtu ambaye maisha yangu yote yalikuwa mkononi mwake, mimi nilimjua kwa unyayo.

Wiki hiyohiyo Mika akaja mbio na safari. Kuna mzungu, akasema, anaandika kijitabu cha wageni wanaotaka kuja Tanganyika kutazama wanyama. Anataka kujua barabara ipi inapitika, mgeni alale wapi, anywe nini, aogope nini. Mpishi aliyekuja naye kutoka Dar es Salaam ameshikwa na homa. "Nimemwambia mke wangu anapika," Mika akasema. "Twende mpaka Iringa, halafu porini kule Ruaha."

Nikafurahi, jamani. Nikaanza kufunga kanga zangu. Ndipo akaongeza, akitazama viatu vyake, "Na Baba anakuja. Ndiye atakayetuongoza."

"Baba nani?"

"Baba. Wangu."

Ni kweli Mzee alipokuwa kijana alifanya kazi ya serikali ya kufukuza tembo waharibifu mashambani, na pori la Ruaha alilijua bwawa kwa bwawa. Lakini tangu vita viishe alikuwa hajatoka Rungwe hata kwa harusi. Nikamshika Mika shati. "Nani alimwita?"

"Alijitolea mwenyewe. Aliposikia unakwenda, akasema na yeye anakwenda."

Aha! Aliposikia nakwenda. Basi nikajua. Mzee anakuja kunichunguza, alete ushahidi kwa ukoo. Nilitaka kukataa, lakini ningekataa wangesema nina la kuficha. Mwanamke akishashukiwa, akienda ni kosa na akibaki ni kosa. Nikaenda.

Mika alinining'inizia turubai ndani ya Landrova. Mbele walikaa yeye, mzungu na Mzee. Nyuma nilikaa mimi na sufuria, magunia, madebe ya petroli na kuku tetea mmoja tuliyemnunua Uyole. Mika alinipa sheria: kila tukisimama, Mzee anashuka kwanza na kwenda mbali. Tukipiga kambi, jiko langu lina turubai lake. Na nikitaka kupita kwenda kuteka maji au kuokota kuni, nigonge mfuniko wa sufuria, Mzee ajifunike shuka na kugeuka mpaka nipite. Tulifanya hivyo tangu siku ya kwanza, na ilikwenda vizuri kuliko mambo mengine yote.

Mzungu jina lake Pelham, lakini mimi na Mika tulimwita Bwana Je, maana Kiswahili alikisoma kitabuni na kila neno lake lilianza hivyo. Je, maji haya yanafaa? Je, daraja hili husombwa mwezi gani? Je, mgeni mwanamke anaweza kulala hapa? Je, watu wa hapa ni waaminifu? Hilo la mwisho aliliuliza kila mahali, na kila mahali watu walimwambia ndiyo, na kila mahali hakuamini. Ukimwangalia unaona kabisa, huyu mtu hata akisalimiana na mama yake huhesabu vidole vyake baadaye.

Chimala, chini ya milima, ndipo tulipolala mara ya kwanza. Nikamchinja yule kuku. Nilimpika kwa ndizi, taratibu, ile ya kwetu hasa, na firigisi nikaiweka juu kabisa ya sahani ya Mzee. Kila mtu anajua maana ya firigisi. Firigisi anapewa mwenye nyumba. Mwanamke akikupa firigisi amekupa heshima yote aliyo nayo, hana nyingine ndani. Mika akaipeleka sahani upande wa pili.

Ikarudi nusu. Na firigisi pale pale juu, haijaguswa.

Nikaitazama sahani ile mpaka moto ukafifia. Ndizi alikula nusu, nyama akala nusu, mchuzi nusu. Mtu aliyeshiba hali hivyo, huacha ovyo. Hii ilikuwa imegawanywa. Nikamwuliza Mika, "Baba anaumwa?"

"Haumwi."

"Kasemaje?"

"Hajasema kitu. Kasema peleka kwa mwenyewe."

Peleka kwa mwenyewe! Mnasikia maneno hayo? Yaani chakula ni changu, na firigisi ni yangu, na heshima yangu nikae nayo. Nikachukua mwiko nikachimba majivu, nikakizika chakula chote humo, kisha nikaenda kulala bila kula. Hasira ni shibe, msidanganywe.

Makambako nikapika wali na maharage, mchele mweupe wa Usangu, kila punje imesimama peke yake. Ikarudi nusu. Siku iliyofuata nikapunguza chumvi, labda tatizo ni chumvi. Nusu. Nikazidisha. Nusu. Bwana Je alipiga kanga wa porini kwa bunduki yake, nikamchoma, nikaweka tena firigisi. Ikarudi inanitazama, nayo nikaizika majivuni kama nusu zote zilizotangulia. Ndipo wazo baya likaniingia. Huyu mzee anaogopa sumu. Huko Rungwe wamemwambia mwanamke asiyezaa ni mchawi, naye anaonja kidogo ili asife na anaacha kidogo ili apate ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi namlisha.

Kumbe si mimi peke yangu niliyehesabu sahani.

Bwana Je alikuwa ameshaanza kunichunguza. Aliniona nikijitupa nyuma ya gunia Mzee alipopita karibu na gari. Aliona nikigonga mfuniko na Mzee akijifunika shuka. Akamwuliza Mika, "Je, mpishi amefanya kosa gani?" Mika akaeleza desturi yetu, akaeleza tena, akaeleza kwa mikono. Bwana Je akasema, "Kila nikiuliza jambo la ajabu, mnasema desturi." Tangu hapo hakutia kitu mdomoni kabla Mika hajaonja. Mume wangu akawa mwonja sumu, na mjinga yule akawa anafurahi kwa sababu anakula mara mbili.

Tulipofika Iringa mjini tulijaza petroli, maana ukishapita hapo hutaiona nyingine, na hilo liwekeni akilini. Mimi nikaenda sokoni kununua unga. Aliyeniuzia alikuwa Mhehe mmoja anaitwa Apolonia, mtu wa Kalenga, mnene, mwenye sauti ya kuita mpaka ng'ambo ya mto. Akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza yote, sijui kwa nini. Mtu usiyemjua ndiye unayemwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. "Dada yangu, hata sisi wakwe tunawaheshimu, lakini hiyo yenu! Sasa akidumbukia shimoni utamwitaje?"

"Ataitwa na mwanawe."

"Na mwanawe akiwa hayupo?"

Nikaanza kuhesabu senti zangu. Akaacha kucheka, akanifungia unga. "Ila hilo la sahani," akasema, "hilo mimi ningelichunga. Mkwe asiyemaliza chakula ana lake moyoni."

Mnaona? Hata wa mbali aliliona. Nikarudi garini na unga wangu na moyo mzito. Tukapita Kalenga, tukapita mashamba ya mahindi yaliyovunwa, barabara ikawa nyembamba, kisha ikawa alama mbili za magurudumu, kisha ikawa kichwa cha Mzee tu. Nilimsikia kule mbele akisema, "Kushoto. Sasa kulia. Ngoja." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Mtu mkali unamjua anakokupeleka.

Tulipiga kambi ukingoni mwa kijito kinachoingia Ruaha. Kiangazi kijito hicho ni mchanga mtupu, lakini maji yapo chini yake. Jiko langu likawa juu ya ukingo, nyuma ya turubai, chini ya mti mkubwa ambao mizizi yake ilining'inia mpaka chini. Bwana Je alifurahi mno. Aliona twiga, aliona pofu, aliona mbogo kwa mbali, na kila alichokiona aliuliza je, kinauma?

Siku ya tatu pale, mchana, alikuja mwenyewe jikoni kwangu. Hakubisha hodi. Alisimama na bakuli la Mzee la asubuhi mkononi, nusu ya uji wa ulezi ndani.

"Je, hii ni nini?" akauliza.

"Uji, Bwana."

"Mzee hamalizi. Hata siku moja. Huyu ni baba yake Mika, anakujua wewe miaka mingi. Je, anajua nini ambacho mimi sijui?"

Nilitaka kumjibu. Wallahi nilikuwa na majibu manne yamesimama kooni. Lakini swali lake lilikuwa langu, hilohilo nililolala nalo tangu Chimala, na likanikata ulimi. Akatikisa kichwa kama aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Tukifika Iringa, wewe utapanda basi," akasema. "Nitampata mpishi mwingine."

Akaondoka. Mimi nikakaa chini kwenye majivu. Nilijua basi hilo linakwenda wapi. Lingenishusha Mbeya peke yangu na kifurushi changu, mpishi aliyefukuzwa kwa sababu chakula chake kinatiliwa shaka, na kabla sijafika mlangoni Atuganile angekuwa ameshafika Rungwe. Ukoo usingehitaji hata neno la Mzee. Miaka saba, na mwisho wake ni uji. Nililia, sifichi. Nililia na nikamtukana Mzee kimoyomoyo kwa maneno ambayo siwezi kuyasema mbele yenu.

Kesho yake Bwana Je akataka kuona jinsi ya kupata maji safi mchangani, aandike kwa faida ya wageni. Mzee akashuka kijitoni na jembe fupi, akaanza kuchimba. Bwana Je akatazama kidogo, kisha akakumbuka kamera yake iko garini, na gari tulikuwa tumeliacha mbali, kwenye kivuli. Mika akaenda naye kulifungua. Nikabaki mimi juu ya ukingo nyuma ya turubai, na Mzee chini mchangani, amechuchumaa shimoni, amenipa mgongo.

Nilihitaji maji ya kuosha mchele. Nikachukua ndoo na mfuniko, nikatokeza pembeni mwa turubai nikiwa nimeinamisha macho, kama inavyotakiwa. Na kwa kuwa niliinamisha macho, niliuona kwanza mguu. Mguu wa kijivu, mpana, unakanyaga mchanga pale kijito kinapokata kona, wala hautoi sauti. Tembo hana kelele, hilo liandikeni pia. Ni mkubwa kuliko nyumba na hutamsikia. Alikuwa jike, na nyuma yake mtoto, wanakuja kwenye maji. Maji ya Mzee.

Upepo ulitoka kwao kuja kwetu, kwa hiyo alikuwa bado hajatunusa. Mzee naye sikio moja lilikufa zamani kwa milio ya bunduki. Alikuwa anachimba na kuimba wimbo wa kanisa kwa pumzi.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikagonga mfuniko.

Sasa fikirini nilichofanya. Mzee akasikia mfuniko. Akaacha kuchimba, akavuta shuka lake akajifunika kichwa kizima, akainama na kutulia. Ananingojea nipite! Nikagonga tena kwa nguvu. Akainama zaidi, akaona labda nina haraka. Nikagonga kama mwendawazimu, na kadiri nilivyogonga ndivyo mzee yule mwenye adabu alivyojikunja ndani ya shuka lake, mgongo kwa tembo. Tembo akasimama. Masikio yakafunguka. Mtoto akapita mbele yake akisogea shimoni, na hapo nikajua tumekwisha, maana mtu akiwa karibu na mtoto wa tembo haombi msamaha.

Naapa kwamba wazo lilinijia. Lilipita tu, lakini lilipita. Nikinyamaza, hakuna wa kupeleka neno kwa ukoo. Na hakuna atakayenilaumu, nimefuata desturi.

"Tata!" nikapiga kelele, yaani baba kwa kwetu. "Tata, tembo! Nyuma yako! Kimbia!"

Shuka likaanguka. Mzee akageuka. Hakumtazama tembo, alinitazama mimi. Ndiyo mara ya kwanza nikauona uso ule, na ulikuwa na pua ya Mika na macho ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Akaganda pale. Mtu aliyefukuza tembo ujana wake wote, aibu ilimshika miguu. Tembo akapiga tarumbeta lake, mimi nikatupa ndoo, nikateremka ukingo kwa makalio, nikamkamata mkono. Ndiyo, nilimkamata! Nikamvuta mpaka kwenye mizizi ya ule mti, nikamsukuma kwenye uwazi ulio nyuma yake na mimi nikaingia, na tukabaki humo tumebanana, mkwe na mke wa mwana, jambo ambalo tangu Rungwe iwe Rungwe halijatokea.

Tembo alifika shimoni. Alilichukua shuka kwa mkonga akalipiga chini, akalikanyaga, akalipiga tena. Tuliona vumbi na miguu. Kisha akamsukuma mtoto wake mbele, wakaondoka kwa njia waliyokuja. Mika na Bwana Je walipokuja mbio walitukuta bado nimemshika Mzee mkono. Nilikuwa nimesahau kuuachia.

Mzee akafunika uso kwa viganja vyake na kuondoka. Mika akanitazama kama nimeua.

"Ikupa, umefanya nini?"

"Nimemwokoa baba yako, mjinga wewe!" nikamwambia. "Ulitaka nigonge mfuniko mpaka azikwe?"

Lakini nilipobaki peke yangu nyuma ya turubai nikahesabu makosa yangu. Nimemwita, nimemwona, nimemgusa. Kosa moja tu kati ya hayo linataka ng'ombe wa utakaso, na mimi nimeyafanya yote mara moja. Sasa ukoo hautahitaji hata uji. Nikafunga kanga zangu kwenye kifurushi kabisa.

Jioni nikapika, maana watu lazima wale. Kulikuwa na kanga wa porini mmoja, Bwana Je alimpiga jana yake. Nikaichukua firigisi nikaiweka juu ya sahani ya Mzee kwa hasira, kwa ubishi, ili ajue kwamba mpaka siku ya mwisho mimi nilimpa. Mika akaipeleka.

Ikarudi nusu. Firigisi juu.

Basi nikachoka. Nikaichukua sahani, nikaenda mpaka kwenye turubai, nikasimama upande wangu. Nilijua yupo upande wa pili, tumbaku yake ilinukia. Nilishavunja kila kitu, kwa nini nisivunje na hili?

"Tata," nikasema, "chakula changu kina nini?"

Nikasikia Mika anavuta pumzi. Kisha Mzee akakohoa, na sauti ikatoka ikiwa imeelekea kwingine, nikajua amenigeuzia mgongo.

"Hakina kitu. Ni kitamu."

"Mbona humalizi? Unaogopa nitakuua?"

"Nani kasema?" Akashangaa kweli, mshangao hauigizwi. "Mtoto wangu, mzee gani mwenye akili anamaliza sahani? Babu yangu hakumaliza hata siku moja. Firigisi aliniachia mimi. Mzee anamaliza sahani, mjukuu atakula nini?"

Nilidhani amechanganyikiwa kwa sababu ya tembo. "Tata, mimi sina mtoto. Unajua."

"Najua."

"Sasa unamwachia nani?"

"Namwekea nafasi yake. Mpaka aje, ule wewe, wewe ndiye mama yake. Si nilimwambia Mika apeleke kwa mwenyewe?" Sauti yake ikashuka. "Ila kila asubuhi nimekiona chakula kwenye majivu. Nilidhani wewe ndiye uliyekata tamaa."

Jamani. Chakula chote kile, tangu Chimala! Niliishika sahani kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha.

"Na ukoo?" nikauliza.

"Walitaka nikuangalie. Nikawaambia nitakwenda." Akacheka kidogo, kicheko cha puani, cha Mika kabisa. "Mwaka wa saba huu nasikia watu wanakusema, na mimi chakula chako sijawahi kukionja ila siku za sikukuu. Nilitaka kula, basi. Na hicho kifurushi alichoniambia Mika, kifungue."

Nilikaa chini palepale nyuma ya turubai, nikala wali na nyama na firigisi, na machozi yalitosha kuwa mchuzi. Mika aliuliza kama naumwa. Nikamwambia aende akalale.

Basi la Iringa sikulipanda. Mzee alimaliza jambo hilo mwenyewe. Alimwambia Bwana Je kwamba mpishi akishuka, kiongozi naye anashuka, na barabara ya kurudi aiulize kwa twiga. Miaka miwili baadaye kijitabu kilitoka, Mika akanisomea. Humo Bwana Je anawashauri wageni kwamba kambini wawe na mpishi wa kugonga mfuniko wa sufuria, maana sauti hiyo hufukuza tembo. Kama mnacho kitabu hicho, ukurasa huo uchaneni.

Ukoo ulikaa mavuno yalipoisha. Sikuwepo, lakini Atuganile alikuwepo, kwa hiyo ni kama nilikuwepo. Watu walisema waliyosema. Mzee akasimama mwisho, akasema mke wa Mika haendi popote, na ng'ombe wa utakaso anamtoa yeye mwenyewe zizini kwake, kwa sababu aliyeitwa ni yeye na aliyeitika ni yeye. Akakaa. Wakamla ng'ombe, mambo yakaisha, na mimi nikarudi kujificha migombani akipita. Hatukusemezana tena.

Mtoto hakuja. Nawaambia wazi ili msingoje. Tulihamia Rungwe Mzee alipoanza kuugua, nikawa nampikia kila siku, na kila siku sahani ilirudi nusu. Siku aliyokufa hakuwa na nguvu ya kushika kijiko, Mika ndiye aliyemlisha. Baadaye akaniletea jikoni bakuli la mwisho. Uji ulikuwa umepoa, nusu kamili. Nikaufunika nipate kumlilia kwanza, kisha nikaufunua nikala.